Spea nyembamba ni mwisho 80, na kwanza ipime upepo

Pancha ilinikuta kati ya Mikese na Chalinze, natoka Morogoro kurudi Dar, mama yangu yuko kiti cha mbele. Tairi la mbele kushoto. Nikashusha mizigo yote, nikafunua zulia la buti, nikatoa ile spea nyembamba (tairi la akiba) ya Toyota IST yangu, nikaifunga, tukaondoka. Giza lilikuwa linaingia, basi nikakanyaga mpaka 100, na kwenye miteremko zaidi ya hapo.

Usukani ulikuwa unavuta kushoto. Nikaung'ang'ania, nikijiambia kwamba spea ndivyo zilivyo. Tulipofika Chalinze, fundi wa pancha aliweka kiganja juu ya ile spea, akakitoa haraka. "Dada, hii umetembea nayo ngapi?" Nikamwambia. Akachukua geji, akapima upepo: PSI 22 (PSI ni kipimo cha msukumo wa upepo). Ubavu wa tairi ulikuwa umeanza kuchubuka, unanuka kama kandambili iliyoangukia mkaa. Mama alisimama pembeni anatuangalia, hakusema neno. Sijaisahau sura yake ile.

Stika iliyobandikwa kwenye ringi ya spea nyembamba imeandikwa 80, yaani kilomita 80 kwa saa, na hicho ni kikomo. Tairi hizi zimetengenezwa nyepesi ili zienee kwenye shimo la buti: mpira mchache, kashata (meno ya tairi) fupi hata zikiwa mpya, na sehemu inayogusa lami ni ndogo. Kadiri unavyokimbia ndivyo mpira unavyopinda na kunyooka mara nyingi zaidi, na joto linapanda. Ukishika breki ghafla, gari inachelewa kusimama na inaweza kuvuta upande. Mvua ikinyesha mimi sizidishi 50, hata kama mbele yangu hakuna gari.

Ila hiyo 80 ina sharti lake, nalo ni upepo. Spea nyembamba nyingi zinatakiwa kujazwa PSI 60, wakati tairi za kawaida za gari ndogo hukaa kwenye PSI 30 hadi 35. Fundi akisikia 60 anaweza kukataa akihofia kupasuka. Msomeshe maandishi ya ubavuni, yeye mwenyewe atajaza. Tairi legevu hujikunja kila linapozunguka, na huko kujikunja ndiko kunakolichemsha. Kwa ile PSI 22 yangu, hata mwendo wa kilomita 60 kwa saa ulikuwa mwingi mno.

Kosa langu la pili ni kuifunga mbele. IST yangu inavutwa na magurudumu ya mbele, na hayo hayo ndiyo yanayokata kona na kubeba kazi kubwa ya breki. Tairi la mbele likipata pancha, hamisha tairi zima la nyuma lije mbele, spea ikae nyuma. Ni kupiga jeki mara mbili, najua, na gizani kila mtu anataka kuondoka. Lakini usukani unabaki wako, na difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu) haichoshwi na magurudumu yenye ukubwa tofauti. Wenye gari zinazovuta magurudumu yote manne soma kitabu cha gari kabla ya kusafiri. Forester za zamani za otomatiki, kwa mfano, zina sehemu ya kuchomeka fyuzi, imeandikwa FWD (yaani mvuto wa mbele), ya kuzima mvuto wa nyuma unapotumia spea ndogo.

Kama spea yako ni saizi moja na tairi nyingine, stika ya 80 haikuhusu, lakini umri wake unakuhusu sana. Tafuta tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. Ile nyembamba yangu ilisomeka 2105, yaani wiki ya 21 ya mwaka 2005. Ilitoka Japani na gari, na haikuwahi kuguswa.

Nati nazo zikaze tena baada ya kilomita 50 hivi. Na usipange safari juu ya spea nyembamba: ni ya kukufikisha kwa fundi wa karibu, basi. Pale Chalinze tairi langu lilizibwa kabla hatujamaliza kunywa chai, nikaingia Dar na magurudumu yangu manne.

Wiki iliyofuata nilinunua spea nyingine. Mama akataka aione geji kwa macho yake. Nikaichomeka mbele yake, ikasoma 60.