Meza ya kunolea patasi kwa mawe ya maji

Kaka nimekuelewa, patasi zinachana mbao badala ya kukata na maji ya jiwe yanakuharibia meza ya kazi. Mimi nilitenga kimeza pembeni, kimo cha kiunoni, nikakizungushia ukingo wa mbao maji yasishuke, jiwe nalibana kwa vibao viwili na chini nimetandika kipande cha mpira wa tairi lisiteleze. Anza na jiwe namba 1000 (namba ikipanda, chembe za jiwe ni laini zaidi), loweka mpaka mapovu yaishe, malizia na 6000, mawe mengi ya namba hiyo ni ya kumwagia maji tu usiyalaze kwenye ndoo. Jiwe likifanya bonde lisugue kwenye msasa wa maji juu ya kioo, hapa wengi wanazembea halafu wanalaumu patasi. Ukimaliza futa patasi, ipake mafuta ya cherehani. Makali jaribu kwenye karatasi, sio kidole! Patasi yenye pengo kubwa mpelekee fundi mwenye mashine.