Kigego wa miezi tisa

Swali la wiki: "Ni albamu gani ya kwanza ya bendi iliyotoka ikiwa imeshapevuka, na wewe uliisikilizia wapi?"

Najua jibu mnalolisubiri kutoka Unguja. Mnasubiri mtu wa huku aseme Queen, maana mwimbaji wao, Freddie Mercury, kazaliwa hapa Mji Mkongwe mwaka 1946, akiitwa Farrokh Bulsara, na wageni wanaopita Shangani hawaondoki mpaka wapigwe picha kwa ajili yake. Basi nianze naye nimalize. Albamu ya kwanza ya Queen, ya 1973, naipenda, lakini ni mbichi. Ushahidi umo mwishoni mwake: wimbo wa kufungia, "Seven Seas of Rhye", umetiwa kipande tu, vyombo vitupu bila ya maneno, kisha unapotea. Mzima wake ulikuja katika albamu ya pili, mwaka uliofuata. Aliyepevuka haondoki barazani na maneno mdomoni.

Jibu langu ni In the Court of the Crimson King, ya bendi ya King Crimson ya Uingereza, iliyotoka tarehe 10 Oktoba 1969. Nimeisikiliza miaka mingi bila ya kujua inaitwaje wala nani kaipiga.

Ami yangu alikuwa baharia. Mwaka 1988 alirudi likizo akaniletea kaseti ya TDK ya dakika 90. Upande mmoja alirikodi santuri ya mwenzake wa melini. Upande wa pili ulikuwa na taarab aliyoinasa mwenyewe redioni, Sauti ya Tanzania Zanzibar, kabla ya safari, ili akiwa baharini asikose la kumliza. Upande wa taarab aliandika majina ya nyimbo yote, kwa mwandiko wa kupendeza. Upande wa santuri aliandika maneno mawili tu: KIZUNGU KIREFU.

Hakusema uongo. Nyimbo ni tano, na zinajaza kama dakika 44. Kwa hivyo albamu nzima iliingia upande mmoja wa kaseti, ikabaki kama dakika moja ya mkwaruzo mtupu, halafu "tap", kitufe kinaruka.

Wimbo wa kwanza ulinipa kazi ya ufundi kabla sijawa fundi. Unaanza kimya kimya, kama upepo unaopita chini ya mlango, hata nikaongeza sauti nikidhani kaseti haisomi. Kisha gita na saksafoni zikanivamia pamoja. Mama alikuwa uani anasuka ukili. Akauliza, "Nani anapigwa humo ndani?" Na alipoanza kuimba yule mwimbaji, sauti ilikuwa imechafuka, inakwaruza kama redio ya mawimbi mafupi wakati wa mvua. Nikajua hedi, kile kichuma kinachosoma mkanda, imeshika uchafu. Nikatafuta pamba na spiriti, nikasafisha. Bado. Nikachukua bisibisi ndogo nikaizungusha ile skrubu ya hedi, kidogo huku, kidogo kule. Bado, tena sasa na taarab ya upande wa pili ikawa inasikika kama mtu kajifunika blanketi.

Siku ya tatu ndipo nilipoiacha kaseti ikaenda mpaka wimbo wa pili. Huko mwimbaji ni yule yule, sauti safi, na filimbi pembeni yake laini kabisa. Nikabaki na bisibisi mkononi. Kumbe ule mkwaruzo wa mwanzo walikusudia! Wimbo ule, "21st Century Schizoid Man", una vita vya Vietnam ndani yake, na walioutengeneza hawakutaka sauti ya mwimbaji, Greg Lake, itoke kama ya mtu aliye salama.

Kuna kichekesho cha mafundi hapa, nilichokuja kukijua nikiwa mtu mzima. Zile kanda walizochanganyia albamu hii mwaka 1969 zilikuwa na kasoro ya kweli: hedi ya mashine ya kurikodia haikukaa sawa, na sauti za juu zikapotea. Kwa hivyo kijana wa Unguja aliyekuwa akizungusha skrubu hakuwa mwehu kabisa. Alikuwa anatengeneza redio ya mama yake kwa kosa lililofanyika London.

Sasa nieleze kwa nini nasema imepevuka, maana "nzuri" na "imepevuka" ni mambo mawili. Bendi hii ilianza mazoezi tarehe 13 Januari 1969, chini ya mkahawa mmoja wa London. Robert Fripp kwenye gita. Lake kwenye gita la besi na kuimba. Michael Giles kwenye dramu. Ian McDonald kwenye saksafoni, filimbi na vinanda. Na Peter Sinfield, ambaye hakupiga chombo, kazi yake maneno ya nyimbo na taa za jukwaani. Aprili wakapanda jukwaani. Tarehe 5 Julai wakapiga Hyde Park kabla ya Rolling Stones, mbele ya umati wa mamia ya maelfu, nao hawana hata santuri moja sokoni. Wakaingia studio na mtayarishaji mwenye jina, hawakuelewana, wakaamua kujitayarishia wenyewe. Oktoba albamu ikawa madukani. Hesabuni wenyewe: Januari mpaka Oktoba, miezi tisa.

Mtoto wa miezi tisa ni jambo la kawaida. Huyu alitoka na meno. Kwetu mtoto wa namna hiyo, anayezaliwa na meno au kuyaota ya juu kwanza, anaitwa kigego, na zamani wazee walimwogopa wakisema atawamaliza jamaa zake. Mie siyaamini hayo, na watoto wengi wameonewa kwa imani hiyo. Lakini itazameni albamu hii. Imetoka Oktoba, Desemba, wakiwa ziarani Marekani, McDonald na Giles wakaamua kuondoka. Lake naye akaenda kuunda bendi ya Emerson, Lake & Palmer mwaka 1970. Barry Godber aliyechora jalada alifariki Februari 1970, ana miaka 24. Albamu iliyofuata walikuwemo baadhi yao kama wa kuazimwa, lakini kikosi kile kikiwa kamili hakikurudi studio tena.

Wimbo wa tatu, "Epitaph", ndio ulioniharibia mama. Nasema uliniharibia kwa sababu tangu siku hiyo akawa anaamrisha: "Tia ule wa msiba." Mikono yake, ambayo haikuwa ikisimama hata akizungumza na wageni, ilisimama juu ya ukili. Akasikiliza mpaka mwisho, kama dakika tisa hivi, halafu akauliza, "Hizo fidla wanapiga wangapi?"

Nikamjibu kwa uhakika wa mtoto: ishirini.

Mama amekulia kwenye taarab. Anajua fidla nne za kilabu zinavyosikika na anajua mpigaji mmoja akichelewa. Akatikisa kichwa. "Hao hawavuti pumzi kama watu."

Miaka ikapita mpaka nikajua alichokisikia. Fidla hazikuwemo. Alikuwa ni McDonald peke yake na kinanda kinachoitwa Mellotron, kilichotengenezwa Birmingham. Kwa fundi wa kaseti, chombo hiki ni ndoto. Ndani yake kila kitufe kina mkanda wake, na kwenye mkanda imerikodiwa sauti ya fidla halisi, au filimbi, noti moja tu. Ukibonyeza, mkanda unavutwa kupita kwenye hedi. Ukiachia, unarudishwa nyuma mpaka mwanzo. Na mkanda una urefu wa kama sekunde 8. Ukiendelea kushikilia, sauti inakatika, huna la kufanya.

Hapa ndipo penye roho ya albamu nzima, kwa maoni yangu, na sijamsikia mtu akilisema sana. Mpigaji wa fidla anaweza kuburura upinde akarudi nao asikatike mpaka asubuhi. Wa Mellotron hawezi. Lazima ainue vidole, aende kwengine, kabla mkanda haujamwishia. Muungurumo ule mkubwa wa "Epitaph", unaokujia kama wimbi linalopanda Forodhani wakati wa bamvua, umejengwa kwa vipande vya sekunde nane nane, na masikio yanahisi kila mara kwamba kitu kinakaribia kwisha. McDonald aliyaweza haya, nadhani, kwa sababu alikuwa mtu wa saksafoni na filimbi, na aliwahi kuwa mpigaji katika bendi ya jeshi. Anayepuliza anajua kwamba pumzi ina mwisho. Mtu wa nai, ile filimbi ya taarab, angemwelewa mara moja.

Wengi huona muziki huu, huu wanaouita roki ya progresivu, una fujo: nyimbo ndefu, vyombo vinapiga peke yao muda mrefu, mara jazi, mara klasiki. Sisi wa huku hatuna sababu ya kuushangaa. Kilabu cha taarab cha Nadi Ikhwan Safaa kipo tangu 1905, na ukienda kusikiliza taarab ya asili unaweza kufunguliwa na bashraf, hakuna anayeimba, kanuni (kile chombo cha nyuzi nyingi) na fidla zinazungumza, na watu wametulia wanangojea. Hakuna anayeuliza mwimbaji yuko wapi. Urefu kwetu si kosa. Kosa ni urefu usio na kitu ndani, na hapo nakubali: bendi nyingi zilizofuata njia hii miaka ya 1970 ziliongeza dakika kwa kujionyesha vidole.

Mnaweza kuniambia, je, "Moonchild"? Huo ni wimbo wa nne, dakika 12 na kidogo. Mbili na nusu za mwanzo ni wimbo mzuri wa kubembeleza. Zilizobaki ni gita, dramu na vibrafoni (chombo cha vipande vya chuma vinavyogongwa) vikinong'ona bila ya mpango, kama watu watatu wanaotafuta kitu gizani wasimwamshe mtoto. Hata wapenzi wa albamu hii huuruka. Mie nina kesi nao ya namna nyengine. Hapo hapo ndipo redio ilipoutafuna mkanda. Niliuchomoa umejikunja kama tambi, nikakata sehemu iliyoharibika, urefu wa shibiri moja, nikaunga kwa selotepu. Mkanda wa kaseti hupita sentimita 4.75 kwa sekunde; shibiri moja ni kama sekunde tano. Kwenye "Moonchild" hakuna aliyegundua. Lakini kaseti ni mkanda mmoja kwa pande zote mbili, na shibiri ile ile, upande wa taarab, ilikuwa katikati ya ubeti. Mama alipofika hapo, mwimbaji akaruka kutoka neno moja hadi jengine kama aliyejikwaa kizingitini. "Umemkata mwenzako ulimi," akasema. Hakuzungumza nami mpaka chakula cha usiku.

"Moonchild" niliuelewa baadaye sana. Kuanzia Desemba 2009 mpaka Machi 2010 Unguja tulikaa bila ya umeme, waya wa kutoka Bara ulipoharibika. Kazi yangu ilikufa. Nani analeta redio kutengenezwa na hana pa kuichomeka? Mchana na jioni mtaa wetu wa Mlandege ulikuwa jenereta tupu. Ikifika usiku mkubwa zinazimwa moja moja, na ukimya uliobaki sijausikia tena tangu hapo. Nikatia betri, nikaweka kaseti. Vibrafoni ikagonga noti mbili, ikanyamaza. Kwa mbali mbwa akabweka. Gita likajibu. Sikuruka hata sekunde moja, na ile shibiri niliyoikata ikaniuma kwa mara ya kwanza.

Jina nilikuwa nimeshalipata wakati huo. Mzungu mmoja alileta spika yake kibandani, akasikia kaseti inapiga, akasimama na pochi mkononi mpaka wimbo ukaisha. Akaniandikia jina nyuma ya boksi la betri. Nikaenda kutafuta kwenye intaneti, na kitu cha kwanza kunitokea ni ule uso: mwekundu, mdomo wazi mpaka kwenye koo, macho yamekimbilia pembeni, matundu ya pua kama mapango. Nilirudi nyuma na kiti. Godber alikuwa mtu wa programu za kompyuta, na inasemekana alijitazama kwenye kioo akauchora. Kilichonichekesha ni kwamba jalada la awali halikuwa na jina lolote mbele, la bendi wala la albamu. Ami hakukosea sana.

Wimbo wa mwisho, uliobeba jina la albamu, una hila. Unapanda na kwaya na Mellotron, unafika kileleni, unaanguka, kimya. Umekwisha. Mara ya kwanza mama alikuwa kando ya redio, akanyoosha mkono azime. Kidole kimeshagusa kitufe, ikaanza filimbi nyembamba ya kitoto, kama kinanda cha sarakasi, na baada yake bendi nzima ikarudi kwa kishindo. Mama akarudisha mkono.

"Huyu sawa na ami yako," akasema. "Kashaaga, kavaa viatu, kisha anasimama mlangoni anaanza hadithi nyengine."