Maswali ya wasomaji: Chevrolet ya 1957 iliyokula chumvi

Mwezi huu karibu barua zote ni za modeli za magari ya Kimarekani yaliyochoka, sijui kimetokea nini huko mtaani ila mi nimefurahi, kwa sababu gari jipya la kung'aa kila mtu anaweza kupaka, gari lililochakaa ndo linaonyesha nani anaangalia vitu vizuri. Twende.

SWALI: Shikamoo fundi. Kaka yangu yuko Marekani kaniletea seti ya plastiki ya Chevrolet Bel Air 1957, skeli ni 1/25, yaani ndogo mara 25 kuliko gari lenyewe. Nataka ionekane gari lililotelekezwa shambani miaka mingi. Nimepaka kahawia na rangi ya chungwa kila mahali lakini linaonekana gari lililomwagiwa matope tu. Nakosea wapi? (Msomaji, Mwanza)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kabla hujashika brashi tena nijibu na mimi swali moja, hilo gari liliishi wapi? Usicheke, hapo ndo kwenye kosa lako. Kutu haiji tu kila mahali kwa usawa, inaanzia pale maji yanapokaa, na maji yanakaa sehemu tofauti kutegemea na gari limezeekea jimbo gani.

Chukua Michigan au Ohio. Huko baridi ikiingia wanamwaga chumvi barabarani ili kuyeyusha barafu, gari linapita juu ya yale maji ya chumvi miezi na miezi, kwa hiyo linaoza kuanzia chini. Detroit yenyewe, mji wa magari, chini yake kuna mgodi wa chumvi, zaidi ya mita 300 kwenda chini, na chumvi ya humo ndo hiyo hiyo inaishia barabarani kula magari. Sasa Chevrolet ya 57 ya kule unaikuta paa zima, boneti zima, lakini chini ya milango kumeliwa, nyuma ya tairi za mbele kumeliwa, kona za chini za bodi nyuma ya tairi za nyuma kumeliwa, sakafu ya buti ndo usiseme. Na juu ya taa za mbele, pale bodi inapotokeza kidogo, tairi lilikuwa linarusha matope kwa ndani, yanajikusanya pale juu, yanakaa na unyevu mpaka bati linatoboka kutoka ndani kuja nje. Mtu anayezijua hizi gari akiona umetia kutu hapo juu ya taa anajua huyu jamaa kaangalia picha.

Sasa njoo Arizona, jangwani. Huko ni kinyume kabisa, chini pako salama, milango inafunga vizuri, ila juu jua limechoma. Paa na boneti na juu ya buti rangi imepauka mpaka ikaisha, praima, ile rangi ya kwanza ya chini, imetokeza, katikati bati lenyewe lina kutu nyepesi ya kahawia, laini, haina mashimo. Ndani viti vimechanika, dashibodi ina nyufa, mipira ya vioo imekauka ikadondoka. Ndo maana Wamarekani wanaofufua haya magari wanatafuta bodi za jangwani hata kama rangi imekufa. Wewe umesema shambani, haya, chagua shamba la wapi halafu kaa hapo hapo, usichanganye Michigan na Arizona kwenye gari moja.

Kitu cha pili, umepaka kutu juu ya vitu ambavyo havipati kutu. Bel Air ya 57 kwenye ubavu wa nyuma, pale kwenye mapezi, yaani yale mabawa yaliyosimama nyuma, ina kipande kipana cha aluminiamu chenye mistari. Aluminiamu haitoi kutu nyekundu hata uifanyeje, inafifia inakuwa kijivu basi. Zile fito za ubavuni ni stenlesi, na hapa ndo raha ilipo, gari linaweza kukaa porini miaka 40 limeoza kila upande halafu ile fito ya stenlesi ukiifuta na kitambaa inang'aa. Iache ing'ae bwana! Hilo tu, mstari mmoja unaong'aa katikati ya uozo, linamfanya mtu asogeze uso karibu na modeli yako. Bampa ni chuma kilichopakwa kromu, hiyo inashika kutu ya vidoti vidoti. Na vile vipambo vya kumiminwa kwa zinki vinaota vipele vya kijivu, sio vya kahawia.

Tatu ni rangi zenyewe za kutu. Kutu ya zamani ni kahawia nzito inayokaribia weusi, ile ya chungwa ni kutu mpya, iko kidogo tu pembezoni na pale maji yalipochuruzika. Wewe nadhani umefanya chungwa kuwa nyingi, halafu umepaka juu ya rangi, wakati kutu iko CHINI ya rangi. Kwa hiyo geuza mpangilio. Piga praima, piga kahawia nzito, chukua kipande cha sponji kikavu dondoa kahawia nyekundu hapa na pale, kisha chungwa kidogo sana, ikikauka piga vanishi nyepesi. Halafu nenda duka la vipodozi nunua hea sprei, ile ya kawaida ya saluni, puliza mara mbili juu ya hiyo kutu, acha ikauke, kisha ndo upige rangi ya gari, na lazima iwe akriliki ya maji sio ya thina, kwa sababu maji yanatakiwa yapenye. Rangi ikishakauka ya kushikika, usisubiri hadi kesho, lowesha sehemu kwa maji ya uvuguvugu, subiri kidogo, sugua taratibu na brashi ngumu iliyokatwa fupi. Hea sprei ya chini inayeyuka, rangi inabanduka vipande vipande na kutu inatokeza yenyewe. Anza na kingo za milango na za boneti. Na acha mapema, yaani pale ambapo mkono unakuambia ongeza kidogo, weka brashi chini.

Ya rangi ya gari usipige vile ilivyo kwenye chupa, changanya na nyeupe kidogo maana jua linapausha. Mi ningechukua ile bluu nyepesi ya kiwandani, Larkspur Blue, au kijani cha Surf Green, kutu inaonekana vizuri sana juu ya rangi hizo. Nyeusi achana nayo kwa mara ya kwanza.

SWALI: Niaje fundi. Mimi niko Nairobi, nafanya hiyo hiyo 57 lakini Two-Ten, ile ya daraja la chini ya Bel Air. Nilitaka mashimo ya kutu chini ya mlango so nikatoboa na sindano moto, sasa inakaa gari imepigwa risasi. Kuna njia ingine?

JIBU: Poa sana. Tatizo sio sindano, ni unene. Fanya hesabu, bati la gari lenyewe halizidi sana milimita moja, ukigawa kwa 25 ni sehemu ndogo ya milimita, 0.04 hivi. Plastiki ya seti yako ina kama milimita moja, maana yake kwa skeli hiyo mlango wako una bati la sentimita mbili na nusu, hicho ni kifaru cha jeshi sio Chevrolet. Ukitoboa hapo lazima shimo lionyeshe ukuta mnene kwa ndani na jicho linakataa palepale.

Kwa hiyo kwanza unakondesha plastiki kutoka nyuma. Shika bodi kwenye mwanga, kwangua upande wa ndani na wembe au kibisu cha ncha ya mviringo, polepole, mpaka uone mwanga unapita kwenye plastiki. Ikifika hapo hata husukumi sana, ncha ya wembe inachana kingo zenyewe, zinakuwa nyembamba na za kupinda pinda. Shimo la kweli la inchi moja kwako ni milimita moja tu, so usifanye matundu makubwa eti ndo yaonekane.

Kama unataka kwenda mbali zaidi, kata kabisa kipande cha chini cha bodi nyuma ya tairi, weka karatasi ya aluminiamu ya jikoni, ibandike kwa supagluu kwa nyuma, ipinde kufuata umbo, halafu ichane chane. Pale kutu inapovimba chini ya rangi kabla haijatoboka, weka tone la supagluu, nyunyiza beking soda juu yake, inakuwa ngumu hapo hapo, ipige msasa kidogo ibaki na vipele. Lakini fungua dirisha, ile hewa yake ikikuingia machoni utalia. Na kumbuka Two-Ten haina kile kipande cha aluminiamu cha Bel Air, wengine wanaibandika tu kwa sababu imo kwenye seti.

SWALI: Kaka, mume wangu kanunua modeli kwa hela nyingi, nzuri kabisa imo ndani ya boksi, sasa namkuta anaipaka uchafu na waya za sufuria zangu zimelowekwa kwenye siki barazani. Ni akili hiyo? (Mama, Kigamboni)

JIBU: Dada pole, lakini shemeji yuko sawa. Anatengeneza kutu ya ukweli, stiliwaya ikilowekwa kwenye siki na chumvi kidogo halafu ikaanikwa juani inakuwa unga wa kutu, anausaga, anauchuja kwenye kitambaa, anaupaka kwa brashi na kuushika na vanishi isiyong'aa. Ni bora kuliko za kununua, na bei yake ni hiyo waya yako. Mwambie akununulie nyingine, mbili.

SWALI: Assalaam alaykum. Niko Maskati, nina seti ya zamani, vipande vyote vya kromu, bampa, shoo (grili ya mbele), wilkapu (vifuniko vya rimu), vinang'aa mno na nataka vichakae. Nivitoe kromu yote? (Msomaji, Oman)

JIBU: Waalaykumu salaam ndugu yangu. Sio yote. Kromu ya seti ni ganda jembamba tu juu ya plastiki, ukiloweka kipande kwenye maji ya kupaushia nguo, Jik au Clorox, linatoka, wakati mwingine dakika chache, wakati mwingine saa kadhaa. Toa ya bampa la nyuma au wilkapu moja mbili ambazo zimekufa kabisa, halafu upake upya fedha iliyofifia. Zilizobaki zipige vanishi isiyong'aa, nyepesi, kisha wosho, yaani rangi ya kahawia iliyochanganywa maji maji, iingie kwenye mistari ya shoo, na mwisho dondoa vidoti vidogo vya kahawia kwa sponji, vingi zaidi upande wa chini wa bampa. Wilkapu moja iondoe kabisa, rimu ionekane ina kutu, gari la zamani lenye wilkapu nne kamili ni la maonyesho.

Ila nisikie vizuri hapa, kwa vile jibu la hapo juu limetaja siki: maji ya Jik na siki visikutane KABISA, hata kwenye bakuli lililooshwa nusunusu. Vinatoa gesi ya klorini, inaunguza mapafu. Siku ya siki iwe ya siki, na glavu uvae.

SWALI: Fundi, mie sitaki gari lililokufa, nataka lililochoka lakini linatembea, kama yale ya Havana, Kuba. Kutu iwe wapi? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Hili swali tamu. Kwa gari la kule hutaki kutu nyingi, unataka viraka. Marekani ilianza kuifungia Kuba biashara mwaka 1960, 1962 ikawa marufuku kamili, kwa hiyo magari yaliyokuwepo ndo hayo hayo, spea za kiwandani hazikuja tena, na watu wakaendelea nayo. Mengi leo yanafanya umatatu, yanapakia abiria kwa ruti, na chini ya boneti injini ya V8, ile ya silinda nane, haimo tena, imewekwa dizeli ya gari jingine kabisa.

Kwa hiyo wewe paka rangi kwa brashi, sio kwa sprei, iwe nene kidogo, michirizi ya brashi ionekane ukiinamisha modeli, na kwenye ukingo wa kioo iwe imepita mpaka juu ya mpira. Paka nyingine ya rangi tofauti chini yake na uichungulize kwenye mlango wa dereva pale mkono unaposhika kila siku. Kutu weka kidogo chini kabisa, ikiwa imepakwa rangi juu, kwa sababu Havana ni pwani na chumvi ya bahari inakula lakini mwenye gari hailei, anaipiga puti, ile ya kuzibia mashimo ya bodi, kesho yake. Puti ifanye kwa praima nene na msasa mdogo, iwe na mawimbi. Rimu zisifanane. Kiti cha nyuma kiwe kimeshonwa upya kwa kitambaa kisichohusiana na cha mbele. Na ile injini ya V8 ya chungwa iliyomo kwenye seti usiitupe, nirushie mimi.