Mapenzi ya Carson na Bi Hughes yalianza mapema
Umeuliza iwapo posa ya Carson, mkuu wa watumishi katika tamthilia ya televisheni ya Downton Abbey, kwa Bi Hughes, msimamizi wa watumishi wa kike, katika kipindi kilichorushwa mwaka 2014 ilikuja ghafla. La, haikuwa hivyo. Dalili iliyonigusa zaidi ni ya msimu wa 3: Carson, mtu asiyeonyesha hisia zake kwa urahisi, anapojua kwamba Bi Hughes hana saratani, anasugua vyombo vya fedha huku akiimba, naye Bi Hughes anamsikia na kutabasamu bila kusema lolote. Kisha, katika kipindi kilichorushwa mwishoni mwa 2013, Carson anapohofia kuanguka wakiingia majini ufukweni, Bi Hughes anampa mkono washikane waingie pamoja, na kwa maoni yangu hofu hiyo ya kuanguka ilikuwa kisingizio walichokihitaji wote wawili.