Sanduku la Barua: Viwanja Vidogo vya Uingereza Enzi za Korona

Mwezi huu barua nyingi zinahusu jambo moja. Wasomaji wanaozunguka viwanja vilivyo chini ya League Two (daraja la nne la soka la England), wale wenye daftari la kila uwanja waliokanyaga, wanapanga upya kumbukumbu zao na wamekwama kwenye kurasa za 2020 hadi 2022. Kabla ya kusoma majibu, weka mezani mambo mawili: tarehe ya mechi na ngazi ya klabu mwenyeji. Hayo mawili ndiyo yaliyoamua nani aingie na nani abaki nje. Ukubwa wa uwanja haukuwa na usemi.

Oktoba 2020 jirani yangu alikuwa akiingia kila Jumamosi kutazama klabu ya kijijini. Klabu yangu ya National League, yenye majukwaa makubwa kuliko kijiji chote, ilinifungia geti. Mantiki yake ilikuwa nini? (Msomaji, Essex)

Serikali iligawa mpira mafungu mawili. Ngazi huhesabiwa kuanzia chini ya League Two kushuka. Ngazi ya 1, yaani National League, na Ngazi ya 2, yaani National League North na South, ziliwekwa kapu moja na Premier League: michezo ya kiwango cha juu. Walio kwenye kapu hilo waliruhusiwa kuendelea kucheza hata wakati wa amri ya kukaa nyumbani, lakini bila watazamaji. Kuanzia Ngazi ya 3 kushuka chini (Northern Premier, Southern na Isthmian, kisha ligi za kimikoa za Ngazi ya 5 na 6) mpira ulihesabiwa kuwa wa kijamii, na mashabiki wakafunguliwa mlango tarehe 22 Agosti 2020.

Mgawanyo huo uliziumiza zaidi klabu za Ngazi ya 1 na 2. Zina mishahara ya kulipa kama klabu kubwa, ila fedha za televisheni kwao ni kiduchu. Kiingilio ndicho kinachowalisha. National League ilianza msimu wake 3 Oktoba 2020 bila mashabiki, na iliweza kuanza kwa sababu ya pauni milioni 10 zilizopatikana kupitia bahati nasibu ya taifa ili kuziba pengo la miezi mitatu. Kuanzia 2 Desemba klabu hizo ziliruhusiwa watu katika maeneo ya tahadhari ya kiwango cha 1 na cha 2 tu (namba ikipanda, masharti ya korona yalikuwa makali zaidi), na mlango huo haukudumu: Januari 2021 nchi nzima ilifungwa tena. Kwa hiyo ukikuta kwenye daftari lako mechi ya National League ya Oktoba 2020 yenye alama ya "nimeingia", kagua tarehe. Pengine ulichanganya mwaka.

Niliambiwa tiketi zimeisha. Nilipoona picha za mechi ile, nusu ya uwanja ilikuwa tupu. Je, nilidanganywa? (Msomaji, Leeds)

Hukudanganywa. Kikomo kilipimwa kwa kiwango cha chini ambacho uwanja wa ngazi hiyo lazima ufikie ili klabu isajiliwe. Uwezo halisi wa uwanja wenyewe haukutazamwa. Hadi 31 Agosti 2020 iliruhusiwa asilimia 15 ya kiwango hicho, kisha asilimia 30. Klabu ya Ngazi ya 5 wakati ule ilitakiwa kuwa na nafasi za watu 1,000, basi kikomo kikawa 300. Ngazi ya 4 kikawa kama 400, na Ngazi ya 3 kama 600. Klabu kongwe iliyoshuka madaraja, yenye uwanja wa kumeza watu 5,000, ilibanwa na namba ileile ya jirani yake mwenye jukwaa moja la mabati.

Wiki za kawaida watu 300 wanatosha na kubaki kwa klabu nyingi za Ngazi ya 5. Tatizo la vuli ile ni kwamba mashabiki wa klabu kubwa waliofungiwa viwanja vyao walihamia kwa wadogo. Derby ya miji miwili midogo, au mechi ya Kombe la FA, ilijaa kabla ya Jumamosi. Klabu nyingine ziliweka wenye tiketi za msimu mbele, na msafiri akabaki na mabaki.

Naandika kumbukumbu kwa ajili ya wajukuu zangu. Siku ya safari wakati ule ilikwendaje, hatua kwa hatua? (Msomaji, Coventry)

Chukulia Jumanne ya Oktoba 2020, mechi ya saa 1:45 usiku.

Tiketi ilinunuliwa mapema mtandaoni, maana klabu ilihitaji kujua idadi kabla watu hawajafika. Bei ya Ngazi ya 5 na 6 kwa kawaida ilikuwa kati ya pauni 5 na 10. Siku yenyewe, kabla ya kufunga mlango wa nyumba, msafiri alifungua ukurasa wa Twitter wa klabu zote mbili, ya nyumbani na ya ugenini. Hatua hii walioiruka waliijutia. Mchezaji mmoja akikutwa na virusi, wenzake waliokaa naye karibu walitakiwa kujitenga siku 14 (zikawa 10 kuanzia 14 Desemba 2020), na mechi ilifutwa saa chache kabla ya kuanza. Kuanzia 14 Oktoba palikuwa na la pili la kukagua: kiwango cha tahadhari cha eneo unakokwenda na cha unakotoka. Maeneo ya kiwango cha 3, watu walishauriwa wasiingie wala wasitoke.

Kwenye treni na basi barakoa ilikuwa lazima tangu 15 Juni 2020. Getini ulisajiliwa. Mwanzoni ilikuwa karatasi ya jina na simu ambayo klabu iliitunza siku 21. Baada ya 24 Septemba ulichanganua msimbo wa QR kwa programu ya simu ya NHS, huduma ya afya ya umma. Simu iliyozimika ilikurudisha kwenye karatasi, kwa hiyo wazoefu walibeba kalamu yao wenyewe, wasishike ya getini iliyopita mikono mia.

Ndani, kundi halikuzidi watu sita. Uzio wa kuegemea kandokando ya uwanja, ambao ndio raha ya mpira huu, uliwekewa alama za nafasi, na watu walijipanga kama ndege kwenye waya. Mpira ukiruka uzio hukuudaka: uliusukuma kwa mguu urudi, au ulimwachia mtu wa klabu.

Baa ya klabu ndiyo iliyochanganya wengi. Tangu 24 Septemba ulihudumiwa ukiwa umekaa mezani, na saa 4 usiku kila kitu kilifungwa. Hesabu mwenyewe: kipyenga cha kwanza saa 1:45, mapumziko dakika 15, dakika za majeruhi, mechi inaisha saa 3:35 hivi. Zilibaki dakika 25, na hapo watu wote walitaka meza kwa wakati mmoja. Aliyejua utaratibu alikula kabla ya mechi. Katika raundi za mchujo za Kombe la FA msimu ule, sare ilikwenda moja kwa moja kwenye mikwaju ya penalti, hakuna muda wa nyongeza wala mechi ya marudiano. Hilo lilimwokoa mwenye treni ya mwisho.

Niliona mechi 31 za msimu wa 2019–20 katika Ngazi ya 3 hadi 6, kisha FA (chama cha soka cha England) ikaufuta msimu. Nizifute na mimi? (Msomaji, Newcastle)

Usifute hata moja. Tarehe 26 Machi 2020 FA ilifuta matokeo ya ligi kuanzia Ngazi ya 3 kushuka: hakuna kupanda, hakuna kushuka. Iliyofutwa ni hesabu ya ligi. Wewe ulilipa kiingilio, ukasimama dakika 90, uwanja umeuona. Andika mechi kama ilivyokuwa, kisha pembeni uongeze "matokeo yamefutwa", ili atakayelinganisha daftari lako na takwimu rasmi asidhani umebuni.

Tunajua kwa nini swali hili linauma. South Shields walikuwa pointi 12 mbele kileleni mwa Northern Premier. Jersey Bulls, katika msimu wao wa kwanza kabisa, walicheza mechi 27 za ligi na kushinda zote 27, ukurasa ukachanwa. Msimu wa 2020–21 nao ulikatizwa 24 Februari 2021 kwa Ngazi ya 3 hadi 6. Lakini kazi ile haikupotea yote: majira ya joto ya 2021 FA ilipopanga upya ligi za chini ilitumia wastani wa pointi wa misimu yote miwili kupandisha klabu, na Jersey Bulls walikuwa miongoni mwa waliopanda. Mechi zako zilichangia. Ziache.

Nilinunua tiketi ya Marine dhidi ya Tottenham. Nihesabu uwanja wao? (Msomaji, London)

Hapana, ingawa ulifanya jambo jema. Tarehe 10 Januari 2021, siku chache baada ya nchi kufungwa, Marine wa Crosby, wakati huo klabu ya Ngazi ya 4, walicheza raundi ya tatu ya Kombe la FA bila mashabiki na kufungwa 5–0. Tiketi za pauni 10 zilizouzwa zaidi ya 30,000 zilikuwa za kuchangia klabu; hazikumwingiza mtu uwanjani. Bandika risiti kwenye daftari, acha namba ya uwanja wazi, kisha nenda Crosby.

Na niliyetazama nikiwa nje ya uzio, mwishoni mwa Machi 2021? (Msomaji, Derby)

Mpira wa kijamii ulirudi viwanjani 29 Machi 2021, lakini watazamaji kwenye viwanja vya klabu hawakuruhusiwa hadi 17 Mei. Kama ilikuwa bustani ya umma, ulikuwa na haki ya kupita na kusimama kwa kufuata masharti ya idadi, na sisi tungeihesabu. Kama ulipanda ngazi nyuma ya uzio wa klabu, hatuihesabu. Klabu ndiyo iliyokuwa hatarini kuadhibiwa kwa ajili ya ngazi yako.

Januari 2022 England haikuwa na kikomo cha watu kwenye viwanja vidogo. Kwa nini Chester walitishiwa hatua za kisheria? (Msomaji, Liverpool)

Kwa sababu ya mpaka. Ofisi za Deva Stadium, uwanja wa Chester, ziko upande wa England, lakini nyasi ziko Wales, ingawa klabu ilikuwa ikicheza National League North, ligi ya England. Sheria za afya za Wales zilitungwa na serikali yake ya Cardiff, na kuanzia 26 Desemba 2021 tukio la nje halikutakiwa kuzidi watazamaji 50. Chester walicheza nyumbani 28 Desemba na 2 Januari mbele ya watu zaidi ya 2,000, wakapelekewa barua na halmashauri ya Flintshire na polisi wa North Wales. Kikomo kilipanda hadi 500 tarehe 15 Januari, kikaondolewa 21 Januari. Kwa msafiri hapa kuna la kushika: fuata sheria ya mahali nyasi zilipo. Anwani ya ligi haitakusaidia.

Vijitabu vyangu vyote vya mechi vya kipindi kile ni viungo vya mtandaoni, na vingine havifunguki. Nifanyeje? (Msomaji, Bristol)

Fanya haraka, leo kuliko kesho. Klabu nyingi ziliacha kuchapa kijitabu ili karatasi isipite mikononi, zikaweka toleo la mtandaoni. Tovuti ikihama au aliyeisimamia kwa kujitolea akiondoka, faili linakwenda naye. Linalofunguka, lipakue kama PDF, liite kwa tarehe kwanza (2020-10-10, kisha mwenyeji, kisha mgeni) ili yajipange yenyewe, na weka nakala sehemu mbili. Kwa yaliyokufa, mwandikie katibu wa klabu moja kwa moja ukitaja tarehe na mpinzani. Mara nyingi faili la asili limebaki kwenye kompyuta ya mhariri wa kijitabu.

Kama hata tarehe umesahau, usitegemee programu ya NHS: kumbukumbu za kuingia mahali zilijifuta baada ya siku 21. Tafuta kwenye taarifa ya benki malipo ya tiketi, au kwenye picha za simu, ambazo hubeba tarehe na saa. Risiti za mashine zipige picha sasa. Karatasi yake hupata maandishi kwa joto, si kwa wino, na ikikaa juani au ndani ya mfuko wa plastiki hufifia hadi ikabaki nyeupe.