Rimu Nyeusi kwa Muda: Fundi Anajibu Kuhusu Rangi ya Mpira

SWALI: Ndugu Fundi, salaam. Nina Toyota IST niliyoinunua ikiwa imetumika, na rimu zake za aloi zina rangi ya fedha iliyofifia. Natamani ziwe nyeusi, lakini nakusudia kuiuza gari hii mwakani na sitaki mnunuzi adhani kwamba ninaficha kasoro. Fundi rangi mmoja amenishauri tuzipige msasa na kuzipaka rangi ya kawaida. Kijana mwingine akanionyesha kopo la rangi ya mpira ambayo, kwa maneno yake, hubanduliwa kama ganda la ndizi. Je, ni kweli?
Msomaji, Nyakato, Mwanza

JIBU: Ni kweli, kwa sharti moja ambalo huenda kijana huyo hakulitaja, nalo ni unene. Rangi ya aina hii, ambayo wengi huifahamu kwa jina la Plasti Dip la Marekani, ni mpira ulioyeyushwa, uleule ambao watu walizoea kuvishia vipini vya koleo ili visiteleze mkononi. Ukishapulizwa, kiyeyushi huruka hewani na mpira hubaki ukiwa ngozi moja iliyoikumbatia rimu bila kushikamana nayo kwa kudumu. Ngozi nene huvutika na kutoka vipande vikubwa. Ngozi nyembamba hukatika kila unapoivuta, na utajikuta unaiparua kwa ukucha kama anayeparua magamba ya sato. Kwa hiyo usihesabu makopo kwa ubahili. Kwa rimu nne za gari lako ningenunua makopo manne, nami ningepuliza matabaka matano, la kwanza likiwa jepesi kiasi cha kuacha rangi ya fedha ionekane chini yake, na yanayofuata yakiwa yamelowa vizuri bila kuchuruzika, huku nikisubiri takriban nusu saa kati ya tabaka moja na jingine.

Hata hivyo, kazi yenyewe hasa ni kuosha. Vumbi jeusi la breki hujificha kwenye kona za rimu na halitoki kwa maji ya ndoo peke yake. Lisugue kwa sabuni na mswaki wa zamani, suuza, kausha, kisha futa kwa kitambaa chenye spiriti. Ikiwa vijana wanaokuoshea gari huwa wanakupakia dawa ya kung'arishia tairi, zidisha bidii, kwa kuwa mafuta yake huifanya rangi isishike. Ili kukinga tairi, mimi hutumia karata kuukuu: ninazichomeka moja moja kati ya tairi na ukingo wa rimu, zikipandana, mpaka gurudumu zima linaonekana kama ua la alizeti. Rangi ikidondokea kwenye tairi usihangaike, kwani ikikauka hutoka kwa kusugua kwa kidole. Fanyia kazi hiyo nje, uvae barakoa ya kupulizia rangi, na uwe mbali na jiko la mkaa, maana mvuke wake hushika moto. Baada ya tabaka la mwisho liache gari kwa saa nne angalau kabla ya kuliendesha, na mashine ya presha isilikaribie kwa wiki nzima.

Kuhusu mnunuzi wako, bandua rimu moja mbele yake, naye ataona kilicho chini.

SWALI: Fundi, mimi nilikwisha kupuliza, makopo mawili kwa magurudumu yote manne. Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025 ninasafiri mara nyingi kwenda Mwanza, na juzi nilipozibiwa pancha rangi yote ilichanika kuzunguka nati. Nimejaribu kuibandua iliyobaki, inakatika vipande vidogo kama kucha.
Msomaji, Sengerema

JIBU: Pole. Kuchanika huko si kosa la fundi wa pancha, kwani spana yoyote inayozunguka juu ya mpira itauchana. Linalonitia wasiwasi zaidi ni iwapo rangi iliingia ndani ya matundu ya nati. Nati inapaswa kukaa chuma kwa chuma. Ikikalia mpira, mpira husinyaa kadiri gari linavyotembea, na nati hulegea. Fungua gurudumu moja moja, safisha matundu hayo pamoja na upande wa nyuma wa rimu unaogusana na kitovu, yaani pale gurudumu linapofungwa kwenye gari, kaza nati zako, kisha zikague tena baada ya kilomita 50 hivi.

Ama kuhusu kubandua, acha kuparua. Nunua kopo jingine au mawili, pulizia juu ya ile iliyobaki matabaka matatu mazito, na uiache usiku kucha. Rangi mpya huilainisha ile ya zamani na kuungana nayo, hivyo kesho yake, gari likiwa limepata jua kidogo, anza ukingoni kwa kusugua kwa dole gumba na zote zitatoka kwa pamoja. Vijisehemu vitakavyobaki huyeyuka kwa kitambaa kilichochovywa petroli kidogo. Kwa sababu hiyohiyo, unapojaza mafuta siku za usoni, angalia matone yasidondokee gurudumu lililo chini ya mdomo wa tangi.

SWALI: Naishi Kirumba, karibu kabisa na ziwa. Nipulize saa ngapi?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Saa mbili asubuhi, umande ukiwa umekauka na upepo wa ziwani haujaanza kuvuma kuelekea nchi kavu na kutimua vumbi. Usipulize usiku chini ya taa: wadudu wa ziwani hufuata mwanga, nao hunasa kwenye rangi mbichi kwa mamia. Mmoja akinasa asubuhi, usimguse. Tabaka likikauka mng'oe kwa ukucha, na tabaka linalofuata litafunika alama yake.