Ukiona tanjenti, chora nusu kipenyo kwanza

Nilipokuwa kidato cha tatu maswali ya duara yalikuwa yananitesa kweli, kanuni nilizikariri zote ila mchoro ukija mbele yangu sioni pa kuanzia. Kaka yangu ndo alinifungua. Alisimamisha baiskeli pale uani kwenye sakafu akashusha timazi ya fundi toka kwenye ekseli, kamba ikanyooka ikatua pale pale tairi linapogusa sakafu. Akaniambia sakafu hiyo ni tanjenti, yaani mstari unaogusa duara sehemu moja tu, kamba ni nusu kipenyo, na hapo zinapokutana ni nyuzi 90.

Basi tangu siku ile nikiona tanjenti sisomi hata nimeulizwa nini, kwanza naunganisha kitovu na sehemu ya mguso, halafu naweka kialama cha nyuzi 90. Mara nyingi mtunga swali hajauchora huo mstari, na ndo wenyewe unaotafutwa. Mfano nusu kipenyo ni sm 5 na nukta P iko sm 13 toka kwenye kitovu, tanjenti ya kutoka P ina urefu gani? Ukishachora tu unapata pembetatu mraba, yaani yenye pembe ya nyuzi 90, basi kwa Pithagorasi 13 × 13 ni 169, toa 5 × 5 ambayo ni 25, inabaki 144, na 144 ni 12 × 12, jibu sm 12.

La pili, tanjenti mbili zinazotoka nukta moja zinalingana urefu. Hii watu wanaidharau jamani! Chukua pembetatu yenye duara ndani linalogusa pande zote tatu, AB ni 7, BC ni 8, CA ni 9. Toka A hadi mguso iite x, kwa hiyo toka B ni 7 − x, toka C ni 9 − x, na hizo mbili zikijumlishwa zinafanya BC, yaani 16 − 2x = 8, x ni 4. Hujapima hata pembe moja.

Ila wadogo zangu ninaowafundisha tuisheni wananiwekea 90 kila mstari unapokutana na tanjenti, hapana, 90 ni ya mstari unaotoka sehemu ya mguso na kupita kwenye kitovu tu. Kama mstari umetoka sehemu ya mguso ukakata duara bila kupita kitovuni, pembe yake na tanjenti inalingana na ile iliyo kwenye mzingo upande wa pili wa huo mstari. Kwa hiyo kabla hujaandika 90 fuata mstari kwa kidole toka sehemu ya mguso, uone kama kweli umefika kwenye O, yaani kitovu.